Msimkalishe Mzee Kitini



Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, nyumba nyingi za Ipagala, Nkuhungu na Kisasa zimepokea wazee kutoka vijijini. Mzee aliyezoea kupanda vilima vya Kondoa, jembe begani, huletwa mjini awe karibu na wanawe na hospitali. Hupimwa, akaambiwa ana shinikizo la damu. Tangu hapo kila mtu humwambia, "Baba, pumzika." Maji ya udhu huletewa, msikitini hupelekwa kwa bodaboda, hata kiti chake cha uani hahamishi mwenyewe. Wema wa namna hii, waungwana, unamdhuru.

Mshipa wa damu wa kijana hutanuka na kunywea kwa kila pigo la moyo. Umri ukisonga mshipa hukakamaa, nao moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, mpaka ukuta wa chumba chake cha kushoto ukanenepa. Mtu anapotembea kwa haraka, damu ipitayo upesi huuchochea utando wa ndani wa mshipa utoe kemikali ya kuulegeza. Ndiyo sababu presha hushuka kwa saa kadhaa baada ya zoezi. Kwa mwenye maradhi haya anayedumu na mazoezi kwa miezi, kipimo cha juu hupungua kwa wastani wa 5 hadi 8 hivi. Hilo si dogo, ingawa halimpi mtu ruhusa ya kuacha vidonge vyake.

Shirika la Afya Duniani linataka wazee wapate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kutosha kuharakisha pumzi, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kujizuia kuanguka. Je, swala haitoshi? Rukuu na sijda hunyoosha viungo, lakini hazimpeleki moyo mbio kwa muda wa kutosha. Anayekwenda msikitini kwa miguu ndiye aliyetangulia.

Kwa mji wetu, wakati mwema ni baada ya Alfajiri, kabla ya jua kali na upepo wa vumbi. Mzee atembee kwa kasi inayomruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Asitegemee kuhesabu mapigo, kwani baadhi ya dawa za presha huyapunguza. Anayemeza vidonge vya kukojosha aangalie zaidi maji ya kunywa, maana ukavu wa hewa ya Dodoma hukausha jasho kabla mtu hajalihisi. Nyumbani, kuinuka na kuketi kitini mara kumi ni zoezi la miguu. Asibane pumzi, kwani kufanya hivyo hupandisha presha ghafla. Asikatishe mwendo kwa mara moja, bali apunguze taratibu asije akapata kizunguzungu.

Ambaye presha yake imefika 180 kwa 110 asianze mpaka daktari aitulize. Maumivu ya kifua, au pumzi kukata kuliko kawaida, ni ishara ya kusimama na kwenda hospitali.

Wiki ya kwanza dakika kumi zatosha. Mpeni mjukuu wa kufuatana naye, na fimbo yake ya Kondoa msiifiche.