UNAPENDA KAZI, AU UNAPENDA KILELE?



Wiki inaanza, na wako walioamka leo na mzigo moyoni: "Hii kazi siipendi. Mungu hakuniumba kwa hii." Vijana wengi hapa Naro Moru wana swali hilo. Leo nakujibu wewe.

Kwanza, Mungu hakukatazi kuipenda kazi yako. Soma Kutoka 31. Bezaleli hakuwa kuhani wala nabii. Alikuwa fundi wa dhahabu, mawe na mbao, na Mungu mwenyewe anasema amemjaza Roho kwa ajili ya ufundi huo. Kwa hiyo mzazi, mtoto akipenda gereji, jiko au ng'ombe wa maziwa, usimkemee kama mtu aliyeasi. Wito hauishii madhabahuni.

Pili, jipime. Inua macho uangalie mlima wetu. Kila mtu anapenda picha ya Point Lenana, mita 4,985, jua likichomoza. Lakini waulize wapagazi na waongoza watalii wetu kazi yenyewe ikoje. Ukipita Met Station, mita 3,050, unaingia Vertical Bog, tope linalomeza buti. Halafu baridi ya Mackinder's Camp, halafu kuamka usiku wa manane kupanda gizani. Kilele ni dakika chache tu. Kazi ni tope. Anayependa kilele peke yake hatarudi. Aliyeitwa atapanda tena wiki ijayo.

Mama Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe hapa Nyeri, alianza na miti saba pale Kamukunji, Nairobi, Juni 5, 1977. Tuzo ya Nobel ilikuja 2004. Miaka 27! Katikati kulikuwa na kejeli, kipigo na seli. Na siku alipopata habari ya tuzo alifanya nini? Alipanda mti, hapa hapa Nyeri. Huyo alipenda kazi.

Tatu, usiandike barua ya kuacha kazi kwa hasira ya Jumatatu. Paulo alishona mahema Korintho huku akihubiri (Matendo 18:3). Kibarua cha shamba la maua kinacholipa karo ya watoto si laana. Kishike kwa uaminifu, na jioni ujifunze kile unachokipenda.

Wiki hii jiulize: ni kazi gani ningeifanya hata siku ya tope, bila kupigiwa makofi? Nani atafaidika nayo? Liombee jibu hilo, kisha mtafute anayeifanya kazi hiyo, umwombe akufundishe.

Baba, wape watoto wako kazi ya mikono yao, na neema ya kuvuka tope lake. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, andika AMINA, na umtumie kijana mmoja ujumbe huu. Mbarikiwe.