Singapore si ya matajiri tu

Mwandishi, kwa bei za huko ulizoandika umetutisha bure. Mimi na mke wangu tulipita Singapore na mabegi mgongoni, tukalala bweni la wageni mtaa wa Little India, na mfuko haukutoboka. Ghali ni malazi na pombe, chakula sivyo. Nendeni Maxwell, soko la vyakula pale Chinatown, muagize wali uliopikwa kwa supu ya kuku, minofu juu yake, matango na pilipili ya kusaga pembeni. Mkikuta pakiti ya tishu juu ya meza tupu, msikae, ina mwenyewe. (Kwetu hiyo pakiti ingeshaondoka!) Maji ya bomba ni salama, kwa hiyo bebeni chupa. Usiku ile miti ya chuma ya bustani ya Gardens by the Bay huwashwa taa na muziki, na kutazama ni bure. Ila ndani ya treni msile wala kunywa chochote, faini yake hufika dola 500 za kule. Na tunda la doriani, ambalo Wazanzibari wanalijua vizuri, haliingii humo kabisa. Mkiona malazi yanawaelemea, vukeni daraja mkalale Johor Bahru, upande wa Malaysia. Huko ni nafuu zaidi.