Wasee wa Bomet, Msiuze Helmeti ya Kugo Bado! Kuna Kitu Broka Hawezi Kuwaambia

Kwenu huko Silibwet, Sotik ama Longisa, kuna lile sanduku la mbao liko chini ya kitanda cha kogo na hakuna mtu hugusa? Hebu lifungue siku moja. Unaweza pata helmeti ya chuma, mkanda wa turubai, chupa ya maji ya bati, ama kaptula ya kaki imefifia mpaka inakaa nyeupe. Sasa jiulize: Bomet ni mvua na baridi ya asubuhi. Nani alileta nguo za jangwani kwa majani chai?

Jibu ni Keya. Hivyo ndivyo wazee waliita King's African Rifles. Vita vya Pili vya Dunia vilipochacha, Waingereza walisaka vijana wa Kipsigis na Nandi sana, wakisema hao ni watu wa vita. Mapema 1941 majeshi yao yalitoka kaskazini mwa Kenya, kwa jua kali na mchanga, yakaingia Somalia. Kismayu ilianguka Februari, Addis Ababa 6 Aprili. Waafrika wengine walipelekwa mpaka Misri kujenga barabara na kubeba mizigo. Na ndiyo, ni Kismayu ile ile KDF iliingia 2012. Mchanga ni ule ule.

Leo kuna watu ng'ambo hukusanya hizi vitu kama vile wewe hukusanya raba. Wanapenda zile za jangwani kwa sababu kila kitu kilikuwa na akili yake. Chukua mfuko wa maji wa turubai. Maji yanapenya pole pole kwa kitambaa, upepo unayakausha, na yaliyobaki ndani yanapoa. Friji bila stima, mzee!

Ama chukua mtungi wa chuma wa lita 20. Wajerumani waliubuni miaka ya 1930, na mishikio mitatu juu ili watu wawili waweze kuubeba pamoja. Waingereza walikuwa na madebe membamba yaliyomwaga petroli ovyo jangwani, so wakawa wanafurahia kunyang'anya adui mitungi yake, halafu wakaiga. "Jerry" lilikuwa jina la utani la Mjerumani. Ndiyo maana ule mtungi wa njano wa plastiki unachotea maji unaitwa jerikeni.

Utajuaje yako ni ya ukweli? Tafuta alama ya mshale mdogo umeangalia juu, mara nyingi na mwaka kando yake. Hiyo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Helmeti zilizotengenezwa Afrika Kusini zina mashimo matatu kwa ukingo wa nyuma.

Sasa hapa ndio kuna mambo. Broka akikuja na soo tano mkononi, hatauliza kugo aliitwa nani. Lakini mnunuzi wa mwisho atauliza. Helmeti bila jina ni chuma tu. Helmeti iko na jina, nambari ya jeshi na picha ya mwenyewe ni historia, na bei inaruka. Ukiuza bila hiyo hadithi, umepoteza doo na umempoteza kugo siku moja.

Na usidhani serikali itakushikia. Sheria ya Makumbusho ya 2006 inahesabu kifaa kuwa cha kale kama kilitengenezwa ama kuletwa Kenya kabla ya 1895. Mkanda wa 1941 haufiki hapo.

Mbona nasema hii ni kubwa kuliko helmeti? Angalia nani alilipwa. Baada ya Vita vya Kwanza, maafisa wazungu walioumia walipewa ekari 25,000 hapo Kericho walime kitani. Biashara ikaanguka, na miaka ya 1920 shamba likaishia kwa kampuni za chai. Wazee wa Keya je? Mwaka wa 2019 Al Jazeera ilifichua nyaraka zikionyesha mwanajeshi mzungu alilipwa hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo sawa wakati wa kuachiliwa jeshini. Wengi walirudi na kaptula na karatasi ya kuachiliwa.

Hiyo karatasi ndio mali. Mambo ya nani alinyimwa nini huku kwa nchi ya chai hayajaisha, na siku ya kuhesabu, mwenye ushahidi ndiye atasikizwa. Broka anataka chuma. Wewe linda karatasi.

So fanya hivi: piga picha kila kitu, pande zote. Andika jina, kijiji na nambari. Mrekodi kogo akiongea, kwa Kipsigis, bado akiwa anakumbuka. Baada ya hapo, kuuza ama kuweka ni uamuzi wa familia nzima, si wako peke yako ukiwa umesota.

Na tafadhali usivae ukienda sherehe. Sheria ya Kenya inakataza raia kuvaa sare za jeshi ama nguo inayofanana nazo bila ruhusa, na polisi hatangoja umweleze luku yako ni ya 1941. Jirani Uganda walienda mbali zaidi: 2019 bereti nyekundu iliwekwa kwa orodha ya mavazi ya jeshi, wakati wafuasi wa Bobi Wine walikuwa wanaivaa kila mahali.

Kwenu kuna nini chini ya kitanda? Uliza leo jioni, kabla broka hajabisha.