MAMBO YA KALE YA NCHI YETU: Kutoka Songea Hata Liuli



Watu wengi wakisikia habari za mahali pa kale, mawazo yao huruka mara moja hata Kilwa, Bagamoyo na Unguja, kwa kuwa huko ndiko waendako wageni, na habari zake zimo katika vitabu vya shule. Nasi tukaao upande huu wa Ruvuma, toka milima ya Umatengo hata pwani ya Ziwa Nyasa, tumezoea kusema kwamba kwetu hakuna cha kutazama ila maji na mawe. Neno hilo si kweli. Mwezi huu nataka tufuate njia moja tu, njia ambayo baba mwenye nyumba aweza kuipita pamoja na watoto wake, au mwalimu pamoja na wanafunzi wake, tuone yaliyopo.

Tuanze Songea mjini. Hapo pana Makumbusho ya Vita vya Maji Maji, na karibu yake makaburi ya mashujaa. Tarehe 27 Februari 1906 Wadachi waliwanyonga Wangoni zaidi ya 60 mahali hapo, wakuu wa nchi pamoja na watu wao, wakawazika katika shimo moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji wachukua jina lake, alinyongwa siku chache baadaye, na yeye ana kaburi lake peke yake. Watu wasema kwamba kichwa chake kilichukuliwa kupelekwa Ulaya, nao jamaa zake wamekitafuta miaka mingi. Mwezi wa Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo, akasimama mbele ya makaburi, akaomba msamaha kwa yale yaliyotendwa na watu wake.

Toka Songea njia ya magharibi yaelekea Mbinga, na si mbali na njia hiyo kuna Peramiho, misioni ya Wabenediktini iliyoanzishwa mwaka 1898 na Padre Cassian Spiss. Padre huyo baadaye alifanywa askofu, na mwezi wa Agosti 1905, alipokuwa safarini kuelekea Peramiho, aliuawa karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Muda mfupi baadaye misioni yenyewe ilichomwa moto. Kanisa kubwa tulionalo leo lilijengwa miaka mingi baada ya hayo.

Hapa ndipo lilipo swali ambalo wazazi wengi Wakristo hulikwepa. Mtoto aliyeona shimo la Songea asubuhi, akaona kanisa la Peramiho jioni, atauliza, “Baba, babu zetu walikuwa upande gani?” Wengine hujibu upesi kwamba waliopigana walikuwa wapagani wasiojua kitu, na wengine siku hizi hujibu kwamba waliobatizwa walikuwa vibaraka wa Wadachi. Majibu yote mawili ni mafupi kuliko kweli. Maana katika gereza la Songea padre mmoja aliwaendea waliohukumiwa, na wengi wao walibatizwa kabla ya kupelekwa kunyongwa. Basi, katika shimo lile lile wamelala watu waliochukua mikuki juu ya Wadachi, nao ni watu waliobatizwa. Mtoto aambiwe hivyo hivyo ilivyokuwa. Tena aambiwe habari ya njaa iliyofuata vita, kwa kuwa mashamba na maghala yalichomwa makusudi. Wataalamu hukadiria kwamba waliokufa katika nchi zote za vita hiyo walikuwa kati ya 75,000 na 300,000, na wengi zaidi waliuawa na njaa wala si risasi.

Tukiendelea twafika Mbinga, nchi ya Wamatengo. Hapa usitafute jengo. Inua macho utazame mashamba mlimani. Ngoro ni kazi ya mikono ya watu wa kale nayo yalimwa hata leo. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, na wanawake huyafunika kwa udongo waliouchimba katikati, hata mlima mzima ukawa na mashimo yaliyopangwa kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha maji hutulia mashimoni, udongo haushuki bondeni, na majani yaliyofunikwa huoza yakawa mbolea. Juu ya matuta hupandwa maharage, na baadaye mahindi.

Wasomaji wasidhani kwamba hayo yalianza kwa mchezo. Katika karne ya 19 Wangoni walipoingia nchi hii kwa nguvu, Wamatengo walikimbilia milimani, wakabanana mahali padogo penye mteremko mkali. Ilikuwa kulima kwa akili au kufa njaa. Basi ngoro nazo ni ukumbusho wa vita, ingawa haukuandikwa juu ya jiwe. Tena ukumbusho huu waweza kupotea mbele ya macho yetu, maana kijana aonaye kazi hii kuwa nzito akiiacha, mvua chache tu zaweza kuchukua udongo uliolindwa na babu zake.

Toka Mbinga twashuka kwa barabara ya lami, kama kilomita 66, hata Mbamba Bay ziwani. Wazee wanaokumbuka njia ya zamani, jinsi ilivyokuwa taabu wakati wa masika, watawaeleza vijana thamani ya barabara hiyo. Pwani hii nayo iliteswa na mashambulizi na biashara ya watumwa, ambao wengi walipelekwa mpaka Kilwa. Wasafiri wa karne ya 19 waliona watu wa ziwa hili waliojenga nyumba juu ya nguzo majini, wapate kulala salama.

Kaskazini ya Mbamba Bay iko Liuli. Hapo bandarini lasimama jiwe kubwa liitwalo Pomonda. Wadachi walipoliona waliona mfano wa Sphinx, yaani sanamu ya kale ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, ndipo wakapaita mahali Sphinxhafen, maana yake Bandari ya Sphinx. Jina hilo limekwisha kusahauliwa pwani, bali Pomonda limebaki.

Katika bandari hii tarehe 13 Agosti 1914 ulipigwa mzinga ambao habari yake ilifika hata London. Merikebu ya Wadachi, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa pwani ili itengenezwe. Nahodha wake, Berndt, hakuwa na habari kwamba huko Ulaya vita imeanza. Mara ikatokea merikebu ya Waingereza, Guendolen, na nahodha wake Rhoades, aliyekuwa rafiki yake, akaipiga ile iliyo pwani. Husimuliwa kwamba Berndt aliingia mashuani kwa hasira kumwendea mwenziwe, akidhani amelewa. Akaambiwa habari za vita, akawa mfungwa. Watu hucheka wakisikia, na kwa kweli yachekesha. Lakini tukumbuke kwamba vita hiyo, iliyoanza hapa kwa namna ya mzaha, baadaye iliwachukua vijana wengi wa nchi zetu kuwa wapagazi, na wengi hawakurudi.

Tena Liuli ndipo alipozikwa Arkidikoni William Percival Johnson, wa misioni ya UMCA. Alifika Unguja mwaka 1876, akafa hapa Liuli mwaka 1928. Macho yake yaliharibika mapema, akawa haoni vizuri, walakini aliendelea kutembea kijiji kwa kijiji kando ya ziwa, akafundisha na kutafsiri Maandiko katika Kinyanja. Mpaka leo wako wanaokwenda kusali penye kaburi lake.

Mwenye nafasi na hati ya kusafiria aweza kuvuka hata kisiwa cha Likoma, nchi ya Malawi, kulitazama Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro, lililojengwa toka mwaka 1903 hata 1911. Merikebu Chauncy Maples ilikuwa ikizunguka vituo vya misioni katika maji haya, nayo ilichukua jina la askofu aliyezama ziwani mwaka 1895. Merikebu hiyo iliundwa Uingereza, ikafunguliwa, ikaletwa vipande zaidi ya 3,400. Na tangi lake la mvuke, lenye uzito wa tani 11, lilivutwa nchi kavu na Wangoni wapatao 450. Merikebu ikatiwa majini mwaka 1901.

Wasomaji wangu, hapo kwenye tangi ndipo ninapotaka tusimame. Jina la askofu twalijua, la nahodha twalijua, la kiwanda nalo limeandikwa. Je, majina ya wale 450 yako wapi? Walikuwa na wake na watoto; labda baadhi yao walirudi kwao wakasimulia habari ya chuma kile kizito, na hadithi yao ikaishia jikoni. Katika kila mahali nilipopataja, liko jina lililoandikwa na yako majina mengi yasiyoandikwa. Jiwe na kaburi vitangoja, lakini wazee wanaojua habari za baba zao hawatangoja.

Kwa hiyo nawaomba waalimu na wazazi mambo matatu. Kwanza, msiende kutazama tu. Chukueni daftari, mwulizeni mzee wa mahali kwa adabu, mwandike asemayo pamoja na jina lake na tarehe. Pili, watoto wafundishwe kutoandika majina yao juu ya mawe, wala kubomoa tofali au kuchukua kipande cha chuma kwenda kuuza, na wakikuta kaburi lina magugu, na wafagie kabla ya kuuliza ni la nani. Tatu, msichague kaburi moja na kuliacha la pili. Aliyekufa kwa kuitetea nchi, aliyekufa kwa kufundisha, na aliyekufa chini ya mzigo wa mtu mwingine, wote wamelala katika udongo wetu, na watoto wetu ni wa wote hao.

Atakayeanza na babu yake mwenyewe, jioni ya leo nyumbani, amekwisha kuanza safari. Kwaherini.