Kalehe: tupime udongo kabla ya kulaumu wakulima

Tangu mafuriko ya Mei 2023 yaliyoua mamia ya watu Bushushu na Nyamukubi, lawama inamwangukia mkulima aliyekata miti. Labda. Lakini ni mlima gani unaopoteza udongo zaidi?

Inawezekana kujua. Majaribio ya bomu za nyuklia, miaka ya 1950 na 1960, yalirusha seziamu-137 angani. Mvua iliishusha duniani kote, ikanata kwenye udongo wa juu. Ilipopungua, udongo umeondoka, ilipozidi, umerundikana. Huku karibu na ikweta ilianguka kidogo, kwa hiyo kuipima ni kazi ngumu.

Kinshasa ilipata kinu cha utafiti wa nyuklia tangu 1959. Serkali ilete wataalamu wake Kalehe, kabla wakaaji hawajafukuzwa mashambani mwao.