Unene si Kipimo cha Ulafi

Wapo hapa Likasi wakisifuo kitambi cha tajiri kama dalili ya baraka, na hao hao humcheka binti mnene wakimwita mlafi. Twaona hukumu zote mbili hazina haki.

Njaa haitawaliwi na nia peke yake. Tumbo tupu hutoa homoni iitwayo grelini, iamshayo hamu ya kula. Mafuta ya mwili nayo hutoa leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake huko New York. Hiyo huuarifu ubongo kwamba akiba ingalipo. Mtu apunguapo uzito, leptini hushuka, ubongo huona kana kwamba njaa kuu imeingia, na hamu ya kula huzidi. Ndiyo maana wengi hupungua kisha hunenepa tena, wala si kwa uvivu.

Ulafi ni kasoro ya moyo, unene ni hali ya mwili. Hata mwembamba aweza kuwa mlafi. Basi tukutanapo, tule bukari na sombe bila kumdhihaki yeyote, na soda tuzipunguze sote pamoja, tusimwachie mmoja mzigo huo.