Taa ya joto peke yake haitoshi

Mwandishi, makala nzuri, ila hapo uliposema kinyonga mchanga aliyezubaa awekwe nyuma ya dirisha apate jua, sikubaliani nawe. Kioo huzuia karibu miale yote ya UVB, na bila miale hiyo mwili wake hautengenezi vitamini D3, kalsiamu haifyonzwi, mifupa inalegea. Mpwa wangu huku Ujerumani anafuga kinyonga wa Yemeni. Alikuwa akifumba macho mchana kutwa ingawa taa ya joto inawaka. Daktari wa wanyama alimwagiza afunge tyubu ya UVB na awapake wadudu unga wa kalsiamu kabla ya kumlisha. Nawe ndugu unayeshauri taa iwake usiku kucha, la hasha! Saa 12 zatosha, kisha alale gizani. Na jamani, kinyonga akisinzia mchana msingoje, mpelekeni kwa daktari.